Watu wa Tizi Hawapo

— Cheti cha makazi sikupi, Ferroudja. Tizi haishi mtu.

Ferroudja alicheka. Alidhani shoga yake Malha, karani wa dirishani pale manispaa, anamtania bibi harusi mtarajiwa.

— Acha utani, Malha. Bila cheti hiki ndoa haifungwi. Na juzi tu umekula kuskusi kwetu, huko huko Tizi.

— Nimekula, sikatai. Lakini wasifu mpya wa manispaa unasema watu wote wa kijiji cha Tizi wamehama, na meya kakataza kutoa vyeti vya huko. Utasomwa Ijumaa kwenye Tamasha la Tini, mbele ya wageni.

— Mshenzi gani kauandika?

Malha aliinamisha macho.

— Mchumba wako.

Arezki, mchumba mwenyewe, ndiye aliyekuwa katibu wa tamasha. Ferroudja alimpigia simu hapo hapo, foleni nzima ikisikia.

— Arezki, mimi naishi wapi?

— Swali gani hilo, roho yangu? Tizi.

— Na Tizi wanaishi watu wangapi?

Arezki akashusha sauti.

— Nisikilize kwanza. Meya anataka wasifu useme kila kijiji kina maji ya bomba. Vyote vinayo, isipokuwa nyie. Na kupandisha bomba huko juu...

— Mkaona rahisi kutufuta!

— Ni maandishi tu, mpenzi. Tamasha likiisha nitarekebisha.

— Mama yangu anabeba maji mgongoni tangu hujazaliwa, leo umemfanya maandishi?

Akakata simu. Meya mimi simshangai, kudanganya wageni ndiyo desturi yake. Lakini huyu kijana alikuwa akikaribishwa nyumbani kwa kina Ferroudja, akinywa maji yale yale yaliyotoka mgongoni kwa mama wa watu, kisha anashika kalamu na kuandika kwamba mama huyo hayupo. Inauma, jamani!

Jioni akatuma ujumbe bila haya: "Punguza hasira mpenzi. Mkumbushe mama alete tini za tamasha mapema."

Ferroudja alimsomea mama yake, Mama Dehbia. Mama akasukuma vikapu vyake uvunguni.

— Tini za nani? Si tumehama?

Habari ikazunguka nyumba hadi nyumba. Kule chini mjini watu walishakata mitini yao wakajenga maduka. Tini zote za tamasha hutoka Tizi.

Ijumaa ikafika. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, ngoma zikalia, wageni wenye suti wakaketi. Tini, hata ya kulamba, hakuna. Meya akamvuta Arezki pembeni.

— Panda kwa wakwe zako sasa hivi! Ukirudi mikono mitupu, kazi huna.

Arezki alipanda mlima akihema, akabisha mlango wa kwanza.

— Hodi!

— Hakuna mtu!

Akaenda wa pili.

— Hakuna mtu, baba! Tumehama na mbuzi wetu!

Watoto juu ya paa wakaangua kicheko. Mlango wa tatu ulifunguliwa na Ferroudja mwenyewe.

— Umefuata tini au umenifuata mimi?

— Meya atanifukuza...

— Sijakuuliza habari za meya.

Arezki alijifuta jasho.

— Niliogopa, Ferroudja. Nilijiambia ni mstari mmoja tu. Naona aibu.

— Aibu hiyo usinimalizie mimi hapa mlangoni. Kaiseme kwenye kipaza sauti.

Alishuka bila tini. Nyuma yake ikashuka Tizi nzima, wazee kwa watoto, wanawake na madumu yao mgongoni. Arezki akapanda jukwaani.

— Wasifu huu ni wa uongo. Tizi ina watu, geukeni muwaone. Maji hawana. Niliyewafuta ni mimi, kwa kumwogopa meya, yule pale!

Meya aliruka kuzima kipaza sauti, uwanja ukamzomea mpaka ngoma zikanyamaza. Wageni wakamgeukia wakitaka maelezo.

Jioni ile ile Arezki alifukuzwa kazi. Akamwendea Ferroudja.

— Sina kitu tena. Bado unanitaka?

— Nakutaka. Ila siendi kwenu mjini kufaidi bomba nikamwacha mama. Utahamia Tizi.

Arezki alitoa macho. Huku kwetu mwanamume akihamia kwa wakwe, huchekwa mpaka azikwe.

— Watasema nimeolewa!

— Waseme. Wewe ulisema mama yangu hayupo kabisa. Kipi kibaya zaidi?

Arezki akaenda kufungasha virago. Malha aligonga muhuri kwenye cheti bila kumwomba mtu ruhusa, na harusi ikafanyika Tizi. Mama yake Arezki alilia sherehe nzima, "Mwanangu kaolewa!", na vigelegele vya wanawake vikamfunika.

Bomba mpaka leo halijafika. Kila Jumatatu Arezki hushuka kuketi mlangoni kwa meya. Meya humtuma mlinzi aulize ni nani tena huyo.

— Mwambie ni mkazi wa Tizi, na leo haondoki.