Kiboko Aliyeogopa Mvua

Kila jioni baada ya shule, Moraa, binti wa mwuza ndizi wa Mbita, alimsaidia rafiki yake Millicent kukusanya omena, wale dagaa wadogo, zilizoanikwa kando ya ziwa. Mikono ikifanya kazi, mdomo wa Millicent haukupumzika. Alibuni vituko vya kiboko mmoja mwoga wa mvua, na Moraa, aliyesifiwa kwa mwandiko mzuri, akaviandika akifika nyumbani.

Mwalimu Irine, aliyewafundisha Kiswahili, aliisoma hadithi hiyo akacheka hadi machozi. Alimweleza Moraa kwamba mchapishaji mmoja alikuwa akipokea miswada ya watoto. Kwanza asome masharti yake. Kisha mswada upigwe chapa vizuri, uambatane na muhtasari na barua fupi, nakala moja ibaki nyumbani, halafu mtu asubiri bila papara. Tena mwandishi athibitishe kwa maandishi kuwa kazi ni yake mwenyewe.

Kwenye mswada na uthibitisho Moraa aliandika jina lake peke yake, akautuma. Si ni yeye aliyeshika kalamu? Lakini jioni hiyo hakwenda ziwani, ati tumbo lilimuuma. Tumbo gani! Ilikuwa aibu tu.

Miezi ikapita. Siku moja Mwalimu Irine akatangaza darasani kwamba hadithi ya kiboko imekubaliwa. Millicent alipiga makofi kuliko wote, kisha akamnong'oneza Moraa, "Kiboko wetu watamchora na mwavuli?"

Moraa alihisi vibaya sana. Walipotoka nje alimwambia ukweli wote. Millicent aliondoka peke yake.

Moraa akarudi kwa mwalimu, akijua huenda kitabu kikampotea.

"Mwalimu, nilidanganya. Millicent ndiye aliyetunga. Mimi niliandika tu."

Mwalimu Irine alikasirika, lakini alimpigia mhariri wa mchapishaji huyo simu papo hapo. Mhariri alisema mkataba usimame kwanza, uletwe uthibitisho mpya wenye majina yote mawili, na wazazi wa pande zote watie sahihi. Jioni hiyo Moraa alishuka ziwani akaomba msamaha. Millicent akamsogezea beseni la omena.

Mkataba ulipofika, jina la Millicent lilitangulia. Mwalimu Irine aliwakabidhi akisema, "Sentensi mbovu mhariri atawasahihishia. Uaminifu hatawasahihishia. Huo mtoke nao nyumbani."