Bilonda Asomea Ukimbizini

— Bilonda, usifungue mulango! Banakuya kwenu!

Sauti ya Ngoy, mpenzi wa Bilonda, ilitetemeka kwenye simu. Bilonda alikuwa amejikunja sakafuni, kwao katika mtaa wa Musonoi, pamoja na baba yake, Tata Muamba. Nje vijana walipita nyumba kwa nyumba wakipiga kelele: watu wa asili ya mkoa wa Kasai watoke, warudi kwao.

— Mi nilizaliwaka hapa, Ngoy!

— Najua, chérie. Niko njiani.

Wawili hao walikuwa wamenuniana tangu masika. Ngoy alifundisha umeme na mota kwenye chuo kimoja mjini, alikosoma Bilonda. Wanafunzi wakaanza kuhamia masomo ya mtandaoni, kila mtu akisoma kwa mwendo wake. Bilonda alipowafuata, Ngoy alimfokea katika ukumbi wake wa masomo:

— Motere haifundishwe na video! Auditoire yangu imebaki viti tu, na weye unaniacha?

Hatimaye chuo kikafunga milango.

Sasa fimbo ziligonga mlango wao.

— Mutoke!

Tata Muamba alianza kusali. Bilonda akamwandikia Ngoy: "Bamefika. Nisamehe."

Ghafla nje ikasikika sauti ya Mama Henriette, mama yake Ngoy, mzaliwa wa palepale, aliyefika pamoja na mwanawe.

— Munipige mi kwanza!

Kiongozi wa vijana akamgeukia Ngoy.

— Huyu binti wa humu ndani ni nani yako?

Ngoy alikuwa hajamposa, lakini akamwita mke.

— Ni bibi yangu.

Wakaondoka, wakiapa kurudi. Mchana uleule Ngoy akapanda lori pamoja na Bilonda na baba yake, wakakimbilia Lubumbashi.

Katika chumba cha kupanga, Bilonda alifungua simu. Masomo ya mtandaoni yalikuwa yanamngoja palepale alipoyaacha. Lakini ilipofika zamu ya kufunga nyaya za motere, alikwama.

— Video nimeangalia mpaka nimechoka. Nifundishe.

Ngoy alitafuta motere mbovu, akaushika mkono wa Bilonda, akauongoza waya kwa waya. Wanafunzi wenzake Bilonda wa mtandaoni waliokuwa mjini humo wakasikia, wakaanza kuja. Chumba kikajaa hadi mlangoni. Ngoy alifundisha huku machozi yakimlengalenga.

Bilonda alipopata cheti, wakaenda kufunga ndoa. Kwenye ngazi za kanisa, gari lilipiga honi kwa nguvu. Bwana na bibi harusi wakashtuka pamoja, wakikumbuka kelele za Musonoi.

— Unatetemeka, akanong'ona Bilonda.

— Woga haiyaisha bado.

— Hata mi. Nishike. Tuingie.