Nimo na Farasi Aliyekataa Moshi

Kabla ya adhana, spika ya msikiti hukohoa. Krrr! Kisha kimya kidogo. Kisha sauti ya mwadhini hupita juu ya mabati ya mtaa mzima, hapo Bungoma mjini.

Adhana yenyewe Sabiha aliipenda. Ule mkwaruzo wa kwanza ndio aliouogopa.

Kila alasiri mambo yalikuwa yale yale. Sabiha alikuwa jikoni, akikata sukuma wiki. Binti yake Nimo, mtoto wa miaka minane, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amefungwa leso kiunoni asiteleze. Spika ikikwaruza tu, Nimo aliruka. Mikono ilifunguka kama ya mtu anayeanguka kutoka juu ya mti. Kichwa kilirudi nyuma, macho yakabaki meupe. Miguu yake iliyokakamaa ilipishana kama mkasi.

Nyumba nzima ilinyamaza.

Hapo Bi Nafisa, mama mkwe wa Sabiha, aliinuka kwenye mkeka. Alichukua chetezo chenye makaa na ubani, akamzungushia mtoto moshi. Kisha aliinama karibu na sikio lake. Aliuliza kwa sauti nzito, sauti ambayo hakuitumia kwa binadamu mwingine yeyote:

"Wewe ni nani? Wewe uliyempanda mtoto wetu, wewe ni nani?"

Nimo hakuwa na maneno, alikuwa na mguno tu wa kooni. Lakini mara nyingine, baada ya swali hilo, Sabiha aliona midomo ya mtoto ikisogea. Ilisogea polepole sana, kama kwamba kulikuwa na mtu ndani anayetafuta mlango. Wallahi, nywele zilimsimama.

"Umeona?" Bi Nafisa alimnong'oneza. "Jini halipendi adhana. Amepandwa huyu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Siku moja Sabiha alitoka kuanua nguo. Wingu la mvua lilikuwa limeshuka, akasahau saa. Spika ikakohoa. Aliporudi mbio, kiti kilikuwa kimepinduka na Nimo yuko sakafuni, damu inamtoka kwenye paji la uso.

Hamdun, mume wake, alifika jioni kutoka Tongaren alikokwenda kununua mahindi. Akaliona lile jeraha. Akakaa chini bila kuvua viatu.

"Basi," alisema. "Mama amesema kweli siku zote. Jumamosi tunampeleka kwa yule mganga wa kutoa majini."

Sabiha alimjua mganga huyo kwa sifa zake. Humfunika mgonjwa blanketi zito, na ndani yake huweka chungu cha moshi. Halitolewi blanketi mpaka jini litaje jina lake.

"Na lisipotaja?" Sabiha aliuliza.

"Linaongezewa moshi," alijibu Bi Nafisa.

Moyo wa Sabiha ulipasuka paa! Mtoto wake hakuweza kutaja jina la mtu yeyote, hata la mama yake. Atataja vipi jina la jini? Atabaki chini ya lile blanketi mpaka lini?

Asubuhi yake alikimbilia kwa jirani. Jirani huyo ni Nekesa, daktari wa viungo. Kazi yake ni kuwafundisha watu kutumia tena mikono na miguu yao. Alimkuta uani akipalilia kunde.

"Mulembe, Mama Nimo. Mbona unatetemeka hivyo?"

Sabiha alimweleza yote. Nekesa alinawa mikono, akaingia jikoni kwake, akatoka na vifuniko viwili vya sufuria.

"Twende kwenu," alisema.

Haikuwa saa ya adhana. Mtaa ulikuwa kimya. Nekesa alisimama nyuma ya Nimo, akavigonga vile vifuniko. Kwaa! Nimo akaruka. Mikono, kichwa, macho: vile vile hasa.

"Haya, niambieni," alisema Nekesa. "Ni jini gani hii inaogopa sufuria?"

Hamdun alitaka kucheka, akamwona mama yake, akakohoa badala yake. Bi Nafisa hakucheka hata kidogo.

"Mama Nimo, huyu mtoto alilia akizaliwa?"

"Hakulia," Sabiha alijibu. "Alitoka kimya. Walimpulizia hewa muda mrefu."

"Basi hapo ndipo shida ilianza. Ubongo ulikosa hewa, na sehemu inayoongoza misuli ikaumia. Hiyo inaitwa mtindio wa ubongo. Misuli inakaza yenyewe. Sauti yoyote ya ghafla inamshtua, na hawezi kujizuia. Hakuna mtu amempanda. Lakini kusikia anasikia. Na mimi naona mtoto ako na akili yake. Pengine anaelewa kila kitu mnasema hapa."

Kila kitu? Yale yote yaliyosemwa juu ya kichwa chake, miaka yote hiyo? Sabiha alimtazama Nimo. Nimo alikuwa anamtazama yeye, bila kupepesa macho.

"Kuna dawa?" Hamdun aliuliza.

"Kumponya kabisa, hapana, sitakudanganya. Lakini mwili unaweza kufunzwa. Kuna mazoezi ya nyumbani. Tena kuna shamba moja huko nje ya Kitale, wako na farasi wa kusaidia watu wenye ulemavu. Mimi huenda huko Jumamosi."

"Farasi?" Bi Nafisa alishika kiuno. "Mtoto amepandwa, na yeye akapande? Makubwa haya!"

Sabiha alipiga magoti mbele ya mumewe. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe. Hamdun aliangalia pembeni.

"Mpaka Ramadhani," alisema mwishowe. "Ramadhani ikifika na bado anaanguka, namfuata Mama."

Nekesa hakutaka haraka. Kwanza Nimo alipigwa picha ya nyonga hospitalini. Daktari akauliza pia kama ana kifafa.

"Farasi si wa kila mtu," Nekesa alieleza. "Nyonga ikiwa imetoka mahali pake, hapana. Kifafa ikiwa haijatulizwa na dawa, hapana pia."

Nyonga zilikuwa salama, na kifafa hakuwa nacho. Jumamosi wakaenda, Sabiha na Nekesa wakiwa na Nimo. Bi Nafisa naye akajitia safarini. Alisema anataka kujionea kwa macho yake.

Asubuhi hiyo Kitale ilikuwa imemezwa na ukungu. Mlima Elgon haukuonekana. Misaiprasi ilisimama kama watu waliokatwa vichwa. Pembeni kulikuwa na nyumba ya zamani isiyo na paa, na madirisha yake yalikuwa yanawatazama. Sabiha alimkumbatia Nimo kifuani. Hapakuwa na mtu.

Kisha wakasikia hatua. Tuk. Tuk. Tuk. Tuk. Zilikuja polepole ndani ya ukungu, na mwenye hatua haonekani. Sabiha alisoma aya aliyoijua. Pumzi nyeupe ilitokea kwanza, kisha kichwa kirefu, kisha mwanamume mwenye mabuti ya mpira aliyemshika farasi kwa kamba.

"Karibuni," alisema. "Mimi ni Kipkosgei. Huyu mama anaitwa Chebet. Alizaliwa mchana, jua likiwaka, ndio maana ya jina. Hapana ogopa."

Chebet alikuja hatua chache, akasimama ghafla. Masikio yake yakasimama. Alimkodolea macho Nimo, au kitu kilichokuwa juu ya bega la Nimo. Alipuliza pua kwa nguvu. Akarudi nyuma, akitikisa kichwa.

"Umeona?" Bi Nafisa alisema. "Wanyama huona tusiyoyaona. Amemwona mpandaji mwingine. Hawezi kumbeba aliyekwisha pandwa!"

Kwa mara ya kwanza, Sabiha naye aliamini. Alifikiria blanketi la mganga, akataka kulia.

Kipkosgei alimpapasa Chebet shingoni. Alimkaribia Nimo, akainama, akanusa leso aliyofunikwa.

"Mmechoma nini?" aliuliza.

Bi Nafisa akasema kwa sauti ndogo, "Ubani. Alfajiri. Nilimfukiza kidogo, kwa usalama wa safari."

"Ndio hiyo. Farasi akinusa moshi anafikiri ni moto. Mwaka ule nyasi hapa zilishika moto, huyu Chebet alikuwa ndani ya zizi. Hajasahau. Tuondoe hiyo leso."

Sabiha aliivua leso, Bi Nafisa akaenda kuitundika mbali kwenye ua. Nekesa alimfunika Nimo sweta lake mwenyewe. Chebet alitulia. Alikuja taratibu, akashusha kichwa chake kikubwa, akapumua juu ya vidole vya miguu ya Nimo. Pfff. Nimo akacheka.

Walimvika kofia ngumu. Chebet hakuwekewa tandiko gumu. Alikuwa na blanketi nene mgongoni, na mkanda wenye vishikio. Nekesa alishika upande mmoja wa Nimo, Sabiha upande wa pili. Kipkosgei alisimama mbele na kamba.

"Hatuendi bado," alisema Nekesa. "Chebet anangoja amri. Nimo, mwambie twende."

"Hawezi kusema," Sabiha alinong'ona.

"Tutangoja."

Walingoja. Ukungu ulipita katikati yao. Midomo ya Nimo ilianza kusogea, vile vile ilivyosogea siku zote nyumbani. Mwisho ukatoka mguno: "Nnn... nde."

Chebet akaenda.

Mwanzoni Nimo alikakamaa kama ubao. Kisha joto la farasi likaingia miguuni mwake. Ile miguu ya mkasi ikaanza kufunguka.

"Angalia kiuno," alisema Nekesa. "Farasi akitembea, mgongo wake unasogea kama nyonga za mtu anayetembea. Sasa mwili wa Nimo unajifunza mwendo ambao haujawahi kuujua. Na kila hatua lazima atafute usawa, asianguke. Hapo misuli ya mgongo na tumbo inapata nguvu. Misuli hiyo hiyo inasaidia pumzi. Pumzi ikiwa na nguvu, hata sauti inapata nguvu."

Baadaye msaidizi wa shamba alichukua nafasi ya Sabiha. Sabiha alibaki nyuma, akatazama. Ukungu ulimmeza Chebet chini, ukaacha mgongo wa mtoto tu. Kiuno kilikwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto. Binti yake alikuwa anatembea hewani.

Walirudi kila Jumamosi. Nyumbani Sabiha alimkalisha Nimo juu ya mto uliokunjwa, akamyumbisha kama Nekesa alivyomfundisha. Kazi haikuwa rahisi. Zilikuwako siku za kilio, na alasiri ambazo Nimo alianguka tena mikononi mwake. Bi Nafisa alitazama tu. Chetezo kilibaki karibu na mkeka wake.

Ikabaki siku moja tu kabla ya Ramadhani kuanza. Alasiri hiyo Hamdun hakwenda kazini. Alimweka Nimo kwenye kiti cha plastiki, akafungua leso ya kiunoni.

"Leo hakuna kumshika," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Sabiha alisimama ukutani, mikono imefungwa kifuani, kucha zimemwingia nyamani.

Krrr!

Nimo aliruka. Mikono ilifunguka, kichwa kikarudi nyuma, mwili ukaenda upande. Sabiha akapiga kelele. Lakini kiuno cha mtoto kilikwenda kulia, kikarudi kushoto, kama kwamba Chebet yuko chini yake. Kiti kiliyumba. Kisha kikatulia. Nimo alikuwa amekaa.

Adhana iliendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyesogea.

Bi Nafisa aliinuka. Hakuchukua chetezo. Aliinama karibu na sikio la mtoto, akauliza swali lake la siku zote, kwa mazoea tu:

"Wewe ni nani?"

Midomo ikasogea. Sauti ikatoka, nzito, ya kukwaruza, sauti ambayo haikuwahi kusikika ndani ya nyumba hiyo. Hamdun alirudi nyuma hatua moja.

"Ni... mo."

Mtoto alivuta pumzi.

"Ni-mo," ilirudia ile sauti.

Sabiha aliteleza ukutani mpaka chini. Sasa alielewa ile midomo. Kila alasiri mtoto aliulizwa jina lake, na kila alasiri alijaribu kulitaja.

Hamdun alifunika uso kwa mikono yake, akalia waziwazi. Bi Nafisa alipiga magoti mbele ya kiti. Alikiondoa chetezo, akakisukuma mbali chini ya meza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mtoto huyo azaliwe. Alimsalimia.

"Hujambo, Nimo?"

Jibu lilichukua muda mrefu kuja. Nyumba nzima ilingoja.