Nilifunika Kompyuta, Siri Ikabaki Wazi

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Lodwar. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikawa nafua nguo za watu ili mdogo wangu, Akiru, asome.

Alipofika kidato cha pili, baba mdogo akataka kumwoza kwa mzee mmoja wa Lokichar, mfanyabiashara wa mifugo. Ngamia wa mahari walikuwa wamekwisha kukubaliwa! Nikamtorosha hadi shule ya bweni, Kitale. Niliapa jina la shule hiyo halitatoka kinywani mwangu.

Na kinywani halikutoka...

Wakati huo nilikuwa nimejifunza kupiga chapa, nikapata kazi katika ofisi moja ya misaada kwa wakimbizi, Kakuma. Kompyuta yenye intaneti ilikuwa moja, tukiitumia kwa zamu. Mwaka jana fundi aliiongezea programu ndogo ya kukumbuka majina na anwani, tusiyaandike upya kila mara. Nilipoifungua ikaniuliza swali refu la Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa. Cha kukataa sikukiona.

Nikamwuliza Ekidor, mtoto wa baba mdogo, karani wa stoo hapohapo ofisini.

"Bonyeza hiyo kubwa, dada!" akacheka. "Ukisoma yote, wakimbizi watarudi kwao hujamaliza."

Nikabonyeza.

Kila mwezi nilimwandikia mwalimu mkuu wa Akiru barua pepe. Nikimaliza, nafunga ukurasa, nafunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kuzuia vumbi, naondoka moyo umetulia. Kilichofunikwa, nani atakiona?

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Ekidor. Aliandika herufi moja tu, mengine yakajileta yenyewe: Akiru, shule yake, Kitale! Wiki hiyohiyo baba mdogo alimtoa Akiru shuleni, akidai kuna msiba nyumbani, akampeleka kwa yule mzee wa Lokichar.

Nilimfuata Ekidor stoo.

"Mimi sikupekua, dada. Mashine yenyewe ilinionyesha."

Ngamia aliyegawiwa na baba yake katika mahari hakumtaja.

Baadaye fundi alinionyesha mahali pa kuzima ile kumbukumbu. Ukurasa ndani ya ukurasa, mara nne, na chini kabisa kisanduku kilichotiwa alama kabla hata hatujaulizwa. Nikaifuta alama. Kubonyeza mara moja tu... Mungu wangu!

Nilikwenda Lokichar. Akiru alikuwa anakanda unga.

"Ejok, Akiru," nikamsalimu.

Hakuitikia. Aliendelea kukanda, kisha akasema, "Jina la shule tulilijua wawili. Walikupa ngamia wangapi?"

Ningemwelezaje? Kwamba nilimficha kwa watu wote, nikamwandika kwenye mashine ya watu wote? Nilijaribu. Alinitazama kama mgeni aliyepotea njia.

Wasomaji wenzangu, nimechoka, lakini hili nitalisema. Mashine ikikuuliza jambo usilolielewa, usione haya kuuliza. Wala usimwulize mwenye haraka. Mwulize aliyeiweka, akuonyeshe inachokihifadhi na pa kukizima. Mimi niliona haya kwa kuishia darasa la sita.

Kila mwisho wa mwezi napanda lori hadi Lokichar. Namsalimu. Bado haitikii.