Taa Iliyomtazama Mzee

Jumatano, saa nane mchana.

Kinu kilikuwa kinasaga, na ndiyo sababu walikutana hapo. Nyuma ya ile posho mill ya Nyalenda kuna chumba cha magunia kisicho na dirisha. Injini ikinguruma upande wa pili, hata mtu akiungama dhambi zake zote hakuna wa kumsikia. Unga ulikuwa umetanda juu ya meza. Wepukhulu aliusawazisha kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole.

"Hii nyumba. Hii stoo. Hapa lango, na hapa kibanda cha mlinzi. Huku chini ni ziwa."

Watatu waliinama kutazama. Oluoch, mkubwa wao, alikuwa mvuvi kabla jela haijamfundisha kazi nyingine. Byron alikuwa jitu la kifua, mwenye boti. Wa tatu, Naswa, alikuwa mwembamba, hacheki, na bastola imemlalia kiunoni kama mtoto aliyezoea kubebwa.

"Injini ziko kwa stoo," Wepukhulu alisema. "Nne, mpya, bado ziko ndani ya mbao zake. Boti inapiga hapa, tunapanda, tunatoa, tunashuka. Dakika ishirini."

Mwenye nyumba alikuwa Mama Habiba, mjane, muuza nyavu na injini za boti, na boma lake liliteremka mpaka majini, mbele kidogo ya Dunga. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwita Wepukhulu amwekee taa za nje. Alimwita fundi, na fundi alikuwa kweli. Mguu wake wa kushoto ulivunjika alipoanguka kutoka kwenye mlingoti, tangu hapo akawa anauburuta, lakini mkono haukuwa na kasoro.

Byron alijikuna kidevu. "Sasa wewe umeweka taa ama umetuwekea mwiba? Juzi nimepita huko na boti. Hiyo boma inawaka kama stendi ya basi."

"Si kila mwanga unaonyesha. Mwingine unaficha."

"Hayo ni mahubiri. Sema vizuri."

Wepukhulu alichoma kidole kwenye kona ya stoo. "Hapa juu iko taa kubwa ya sekuriti. Sikuielekeza kwa stoo. Inatazama lango na benchi ya mlinzi. Mlinzi akikaa, wanaangaliana na hiyo taa uso kwa uso. Mwanga ukikupiga kwa macho, nyuma yake ni ukuta mweusi. Ng'ombe kumi watapita na hutaona hata mkia."

Oluoch aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Upande wa ziwa, kwa ua, Mama alinunua taa saba za sola. Nimezipanga kwa milingoti. Kati ya ya sita na ya saba nimeacha nafasi kubwa. Nilimwambia hapo ni tope, mlingoti hautasimama. Hapo ndiyo mlango yetu."

"Na hii nukta?" Naswa aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, na kinu kikaimeza nusu.

"Swichi ya pili ya taa kubwa. Moja iko kwa kibanda cha mlinzi, ingine nimefunga kwa ukuta wa stoo, nyuma ya tangi ya maji. Yoyote ukibonyeza, ikiwa inawaka inazima, ikiwa imezima inawaka. Kitu kikiharibika, naizima, tunapotea."

"Na mlinzi?"

Kidole cha Wepukhulu kilisimama kwenye unga.

"Ni mzee Ochieng. Ni baba ya Milka. Bibi yangu."

Byron alipiga paja. "Kumbe tunaenda kuiba kwa wakwe. Huyu jamaa atapeleka mahari ya injini badala ya ng'ombe."

"Haguswi," Wepukhulu alisema. Hakumtazama Byron, alimtazama Oluoch. "Hiyo ndiyo sehemu yangu. Mgawane zingine. Mzee haguswi, na asijue nilikuwako."

Oluoch aliweka kiganja kizima juu ya ule mchoro. "Haguswi. Mimi nimesema."

Wepukhulu aliamini, na alikuwa na sababu. Rumande, watu wa selo waliapa kumziba pumzi kwa blanketi, na ni Oluoch aliyelala nyuma ya mgongo wake siku arobaini, macho wazi. Mtu wa namna hiyo akikuita, unaamka. Na akikuahidi, huombi shahidi.

Oluoch alipoinua mkono, stoo, lango na kibanda vilikuwa vimefutika. Ulibaki unga tu, na vidole vitano.

Alhamisi, saa nne asubuhi.

Alirudi kwa Mama Habiba kumalizia kazi. Mama alikuwa amesimama barazani na buibui lake, mikono kiunoni.

"Fundi, hii ya hapa badilisha. Nyeupe namna hii ni ya chumba cha maiti. Mimi nataka mwanga wa watu walio hai."

Akamwekea ya manjano. Kwenye njia ya kuingilia akazipunguza mwanga zile taa fupi, zimulike miguu na zisipige wageni machoni. Mama alifurahi. Kisha akaigeukia ile kubwa, pale juu ya stoo.

"Na hiyo mbona inamkodolea mzee usoni? Amekuwa mwizi yeye?"

"Mama, mwizi haogopi mbwa, na haogopi askari. Anaogopa kuonekana. Taa ikiwaka tu, anakimbia."

Alilisema bila kufikiri, maana huwaambia wateja wote.

Mzee Ochieng alikuwa kwenye benchi yake kando ya lango. Alipomwona mkwewe anakuja akiburuta mguu, alisimama, akapangusa benchi kwa kofia, akamwachia upande wa kivulini. Hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Jina la mkwe halichezewi.

"Orwa," alisema, yaani mkwe kwa Kijaluo, "hii jua yako ya usiku itanimaliza macho."

"Nikuelekezee pembeni, Jaduong', mzee wangu?"

Akajuta kuuliza. Lakini mzee alicheka, meno mawili ya mbele hayapo.

"Wacha. Kazi ya mkwe haikataliwi. Nitazoea." Akainua koti jipya la ulinzi, lenye mistari ya kung'aa kifuani. "Ona, Mama amenivalisha. Anasema taa ikipiga hapa naonekana mpaka Kendu Bay, ng'ambo ya ziwa. Milka hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie aje, kuna samaki nimemwekea. Na wewe kula, umekonda kama waya."

Wepukhulu alisema asante. Alikunja vyombo vyake, na ule mguu ukamsumbua njia nzima kuliko siku zote.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mama Habiba alikuwa ameenda hitima ya shemeji yake mjini, na hangerudi kabla ya saa tatu. Boti ilijificha kwenye matete, injini imezimwa. Jua lilikuwa linazama, na mbali juu ya maji zilisimama nguzo za moshi mweusi, tatu, zikiyumba.

"Nini inaungua?" Wepukhulu aliuliza.

Byron alicheka kwa pua. "Mtu wa Webuye. Hiyo si moshi, ni wadudu wa ziwa. Mwezi ukifa wanatoka. Upepo unaleta huku."

"Vizuri hivyo," Oluoch alisema. "Watu watafunga madirisha na milango. Hata mtu akipiga nduru, wataogopa kufungua."

Wepukhulu alikuwa Kisumu mwaka wa tatu, lakini aliishi Manyatta, mbali na maji. Wadudu aliwajua wa kufagia asubuhi, viganja viwili vitatu mlangoni. Aliposikia watu watajifungia ndani, moyo wake ulitulia. Mzee naye atajifungia kibandani, alifikiri. Hata mistari ya koti haitaonekana.

Naswa alitoa bastola, akaipangusa kwa shati.

"Hiyo ya nini?" Wepukhulu alimwambia. "Tulikubaliana."

"Wewe ndiyo ulikubaliana."

Oluoch alikuwa anatazama maji.

Saa moja na dakika arobaini usiku.

Walipita pale kati ya taa ya sita na ya saba. Zote mbili zilikuwa zimevaa wadudu mpaka zimebaki punje ya mwanga. Hewa ilikuwa nene. Ukivuta pumzi unakula. Wepukhulu aliziba mdomo kwa kola, akapanda mteremko, na alipofika karibu na stoo, alisimama.

Juu ya stoo hapakuwa na kitu. Taa kubwa ilikuwa imezimwa.

"Umeizima?" Oluoch alinong'ona.

"Sijaifikia."

"Basi stima imepotea. Bahati yetu."

Haikuwa bahati, na stima haikuwa imepotea, maana zile fupi za njiani zilikuwa zinawaka. Hapo ndipo fundi alipoelewa. Mtu wa ziwa hakai chini ya taa usiku wa wadudu. Anazima. Mzee Ochieng alikuwa amefanya alivyomwona mama yake akifanya na koroboi. Alibonyeza swichi yake, akatulia kwenye benchi, shuka mpaka puani. Na jicho lililokaa gizani saa nzima ni jicho la paka.

"Turudi," Wepukhulu alisema.

"Omera, ndugu yangu, kule rumande niliwahi kukwambia turudi?"

Naswa alishakata kufuli. Wakaingia. Ya kwanza ikatoka, mbao zake zikiwakata mabega, ikateremka mpaka botini kwa Byron. Ya pili ikatoka. Wepukhulu alijitahidi kuinua mguu usiburutike. Ukiuinua unauma. Injini ni nzito. Akauburuta.

Walikuwa wamerudi mlangoni kwa ya tatu, sauti ikatoka upande wa lango. Sauti ya kawaida tu, kama ya mtu anayebisha hodi.

"Orwa? Ni wewe?"

Walisimama na injini mikononi.

"Nimekuona ukishuka, nimekuona ukipanda. Huo mwendo naujua. Mama amekutuma usiku huu? Na hao nani wanakusaidia?"

Hakukuwa na hasira ndani yake. Alikuwa anamtafutia mkwewe jibu zuri, anamwekea maneno mdomoni, achague moja aokoke. Wepukhulu alifungua mdomo, na wadudu wakamwingia.

Naswa aliweka chini upande wake wa mzigo. "Amekujua," alisema. "Akikujua wewe, ametujua wote."

"Oluoch," Wepukhulu alisema. "Uliahidi."

Alingoja. Oluoch alikuwa hatua mbili kutoka kwake, na giza lile halikuwa nene kiasi cha kuficha kwamba aligeuza uso. Siku arobaini ziliishia hapo.

Naswa alianza kutembea kuifuata sauti. Hakuwa anaona. Alikuwa anapapasa kwa mkono mmoja mbele, na wa pili umeshika chuma. Mzee naye hakunyamaza.

"Orwa, jibu. Ama wewe ni mgonjwa?"

Tangi la maji lilikuwa kando ya bega la Wepukhulu. Nyuma ya tangi, swichi. Mwizi haogopi mbwa, haogopi askari. Taa ikiwaka tu, anakimbia. Aliingiza mkono, akabonyeza.

Boma likawa jeupe.

Na mwanga ukaenda pale alipouelekeza mwenyewe. Haukumpiga Naswa usoni. Ulitoka nyuma ya mgongo wake, ukaruka juu ya bega lake, ukatua moja kwa moja kwenye benchi, na pale kwenye benchi mzee Ochieng alikuwa amesimama, mkono umekinga macho, mistari ya koti ikimeremeta kifuani kama magamba ya samaki.

Ilionekana mpaka Kendu Bay.

Naswa alipiga mara mbili.

Saa moja na dakika hamsini na nne.

Nduru ilianzia nyumba ya jirani, ikapokelewa. Watu walifungua milango, wadudu au hapana wadudu. Naswa alikimbia kwanza. Oluoch alifika kwenye ua, akageuka.

"Fundi, twende. Twende sasa."

Wepukhulu alikuwa anauburuta mguu kuelekea upande mwingine. Akasikia injini ya Byron ikinguruma, ikiondoka na mbili, na sauti ya Oluoch majini ikiita boti isubiri. Boti haikusubiri. Kesho yake walimtoa Oluoch kwenye matete, meno yakigongana kwa baridi.

Wepukhulu alikaa chini, akaweka kichwa cha mzee pajani. Wadudu walikuwa wanaanguka kutoka kwenye taa kama unga wa kinu, juu ya koti, juu ya damu. Mzee alikuwa amekunja uso.

"Orwa, zima," alisema. "Macho."

Swichi ilikuwa hatua tatu tu, ndani ya kibanda. Hakuweza kumwacha. Alimwekea kiganja juu ya macho, akamkinga, akakishikilia hapo mpaka kifua kilipotulia, na baada ya hapo bado akakishikilia.

Saa tatu kasorobo.

Majirani waliomkuta walimwonea huruma. Mkwe wa mzee, walisema, amefika wa kwanza, masikini, na mguu wake huo. Mwanamke mmoja alimfunika shuka mabegani. Mama Habiba alipigiwa simu, akarudi mapema, akaketi kwenye changarawe na buibui lake jipya. Milka alikuja na pikipiki, akapiga magoti upande wa pili wa baba yake, akashika mkono wa mumewe uliokuwa juu ya macho ya marehemu. Hakuuondoa. Aliushika tu.

Askari polisi alikuwa mtu mzima, mpole, na daftari.

"Injini mbili zimebaki," alisema. "Taa imewashtua. Nani aliwasha?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri, kijana. Mwizi anaogopa kuonekana." Aliandika. "Lango nimelikuta na kufuli, jirani wameruka ukuta. Wewe uliingilia wapi?"

Milka aliinua uso. Wepukhulu aliutazama, umejaa machozi na wadudu, na akaona kwamba jibu lolote ambalo angelitoa, Milka angeliamini.

"Kwanza izimeni hiyo taa," alisema. "Inamuumiza."

"Iache. Tunataka kuona."

Basi akainua mkono ule mwingine, akaonyesha chini kwenye ua wa ziwa, zile punje za mwanga. Askari alizihesabu kwa macho. Tano. Sita. Kisha pengo jeusi. Kisha saba.

"Niliingilia pale," Wepukhulu alisema. "Pale nilipoacha giza."

Mkono wa Milka uliondoka juu ya wake.