Pindo Lisiloshushwa

Wazazi wenzangu, sogeeni tuzungumze. Asubuhi moja, fundi cherehani wa kijijini alikuwa kibarazani kwake akishona huku akipiga mluzi. Ndani, mama yake mzazi alichambua maharage, na mkewe alikuwa uani akiokota mayai. Miguuni pa cherehani alikaa binti yao wa pekee, wa miaka mitatu, akichezea vipande vya kitambaa. Walimwita Kifungo, kwa kuwa alikuwa mdogo kama kifungo cha shati, na kila mpita njia alilitaja jina hilo kwa kicheko. Ungepita hapo ungesema hii ni nyumba ya raha.

Sasa lisikieni kosa la fundi. Mshonaji mzuri huacha kitambaa cha akiba kwenye pindo la gauni la mtoto, ili mtoto akirefuka lirudishwe lishushwe. Magauni ya watoto wa kijiji kizima yalikuwa yakirudi kwake. La Kifungo halikushushwa kamwe, na fundi alijisifu kwa hilo!

"Mwaka wa pili huu, gauni lile lile," aliwaambia wateja. "Mkono wangu si mchezo."

Asubuhi hiyo akaja jirani yake, muuza nyanya, amemshika mwanawe mkono.

"Fundi, nishushie pindo. Huyu ananimalizia nguo." Kisha akawatazama wale watoto wawili. "Hawa si walizaliwa wiki moja? Mbona wako anamfika wangu kwapani?"

"Ukoo wetu ni wafupi," fundi akajibu upesi.

"Ukoo gani? Wewe mwenyewe unainama kupita mlangoni kwako!"

Muuza nyanya akacheka, fundi naye akacheka, lakini mluzi haukurudi. Uzi ulimkatikia, akautunga, ukakatika tena. Akainuka, akakaa, akainuka. Mtoto wa jirani alikuwa akikimbiza kuku uwanjani. Kifungo aliegemea tu mguu wa cherehani, nywele zake hafifu zimeanza kuwa nyekundu. Mambo hayo fundi aliyaona kila siku, ila siku hiyo yalimchoma.

Mchana mkewe alimwambia, "Baba Kifungo, twende zahanati. Moyo wangu hautulii."

"Tukaseme nini? Kwamba fundi hana chakula nyumbani? Wateja watanionaje?"

"Mtoto hakui, mume wangu."

"Mtoto anashiba!"

Mama yake akadakia kutoka ndani, "Tena anashiba mpaka tumbo linamtangulia. Wewe mwenyewe nilikulea kwa uji huo huo."

Na kweli alikuwa akishiba. Asubuhi uji mweupe wa mahindi matupu, mchana uji, jioni chai ya rangi. Maharage na dagaa vilikuwa vya watu wazima, eti ndio wanaofanya kazi. Mayai yalikwenda mgahawani kila siku. Njaa haikuwahi kubisha hodi nyumba ile, ndugu zangu. Chakula kilikuwepo, kikimpita mtoto puani.

Fundi akajifanya hamnazo, lakini usingizi ulimtoroka. Akaanza kumpima Kifungo kwa siri kwa utepe wake wa kushonea, leo, kesho, keshokutwa, akitamani kipimo kisogee hata kidogo. Hakikusogea. Akawa mkali kwa wateja, akaikata suruali ya mteja ikawa fupi mno, akagombana na mkewe kwa kijiko kilichoanguka.

Kisha Kifungo akashikwa na homa na kikohozi. Wakamwita, akafumbua macho na kuyafumba tena. Hapo aibu ya wateja ilimtoka fundi yote kwa mara moja. Alimbeba mbio hadi zahanati, mkewe nyuma yake, na njia nzima kilichomtia hofu ni jinsi mtoto alivyokuwa mwepesi mikononi.

Muuguzi alimpokea, akamhudumia, kisha akauliza, "Anakula nini huyu?"

"Anashiba, dada."

"Sijauliza kama anashiba. Nimeuliza anakula nini."

Mkewe ndiye aliyesema yote, huku analia.

"Kifua kitapona," muuguzi akasema kwa upole. "Na nguvu zitarudi mkimlisha vizuri. Ila kimo alichokikosa tangu tumboni hadi leo, sikudanganyi baba, hakitarudi chote."

"Hata nikimpa kila kitu?"

"Mpe kila kitu, anakihitaji." Kisha akamtazama mke wa fundi, ambaye mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. "Na huyu wa tumboni usimsubirishe. Anza naye leo, kwenye sahani ya mama yake."

Kifungo alipona. Mayai yakabaki nyumbani. Fundi mwenyewe akawa anaponda maharage na kutia dagaa wa kusaga kwenye uji. Mama yake alinung'unika siku kadhaa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilisahau, mwanangu. Wewe kwenye uji nilikuwekea na maziwa ya mbuzi." Mtoto wa kiume alipozaliwa, alinyonya vizuri, na alipofika wakati wa kula alilishwa sawasawa. Kifungo naye akaanza kukimbia na kupiga kelele kama watoto wengine.

Miaka ikasonga. Siku moja mteja mgeni aliwakuta ndugu hao wawili kibarazani wakigombania kiti, wamelingana kimo.

"Hongera fundi, una mapacha!"

Fundi akasimamisha cherehani. "Si mapacha, ndugu yangu. Wa kike ndiye mkubwa. Huyu wa pili alinikuta nimeshajua kulisha."

Kifungo akageuka. "Baba, na mimi nitarefuka lini?"

Fundi alimvuta binti yake kifuani, akalia mbele ya mteja bila kujificha.

FUNZO

Wazazi wenzangu, udumavu hauji kwa kelele, na tumbo lililojaa uji mtupu lisikudanganye. Mama mjamzito ale vizuri. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akipewa yai, maharage, dagaa, mboga na matunda, vilivyolainishwa. Mpelekeni akapimwe hata kama haumwi, na msiogope macho ya watu. Miaka ile ya mwanzo ikipita, imepita. Leo mkipakua chakula, anzeni na sahani ya mdogo.