Joto la Pili

Harufu ya udi ilitoka katika sanduku la kutotoleshea mayai wakati wa adhuhuri, jua la mtaa wa Usagara limesimama utosini na njia zote tupu. Bi Time alikuwa na hakika kwamba tangu alfajiri hapakuwashwa chetezo katika nyumba ile. Alifungua mlango wa sanduku, akainama. Mayai yalikuwa yamelala kwenye trei zake, yakinukia kama nguo za Idi.

"Bi Time!" jirani yake Asmahani aliita kutoka uani, alikokuja kuulizia vifaranga. "Siku hizi kuku wako wanafukizwa kabla ya kuzaliwa? Wanaolewa wapi, tujitayarishe?"

Bi Time alicheka, kwa kuwa kicheko ni haki ya jirani. Lakini moyo wake haukucheka.

Alikuwa mjane wa Kipemba, aliyeishi Tanga miaka mingi akitotolesha vifaranga na kuwauza. Binti yake wa pekee, Shadya, alikuwa amerudi kwake kujifungua, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Mumewe, Massoud, alikuwa amebaki Wete na shughuli zake. Shadya alisomea kompyuta, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alipomwona mama yake akikatiza usingizi kila mara ili kutazama kipimajoto, alimtengenezea msaada: kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyozidi pakiti ya biskuti, inayotumia Linux, yenye kioo kando yake, iliyounganishwa kwa waya na kihisi cha joto ndani ya sanduku. Lililobaki lilikuwa kuiwekea kifurushi cha Python, yaani programu ya kukisoma kile kihisi.

Hapo ndipo mashine ilipokataa, siku moja kabla ya ile harufu.

"Inasemaje?" Bi Time aliuliza, maana maandishi mekundu yalikuwa yamejaa kiooni.

"Inasema mahali hapa panasimamiwa na mwingine, nisitie kitu. Inanishauri nijenge chumba changu pembeni, nikiweke humo."

"Basi si ujenge?"

"Mama, nako kuna mlolongo wake, na bando linakwisha. Ipo amri ya kuilazimisha."

"Kulazimisha vipi?"

"Kuvunja tu." Shadya alicheka huku akiandika. "Usinitazame hivyo. Watu wote wanafanya."

Bi Time, aliyelelewa asikanyage hata shamba la mtu pasipo hodi, alirudi nyuma hatua moja. Mashine ilinyamaza muda mrefu, taa yake ya kijani ikipepesa. Kisha ikakubali, kama mtu akubalivyo huku anakariri sura yako.

Sasa, baada ya Asmahani kwenda zake, Bi Time alikitazama kioo. Palikuwa na mistari miwili. Wa juu ulionyesha thelathini na saba na nusu, joto la mayai. Wa chini ulionyesha thelathini na saba kamili.

"Shadya! Umetia vihisi viwili?"

"Abee, Mama? Kimoja."

"Huu mstari wa pili ni wa nini?"

Shadya alikuja, akaisoma programu yake kutoka juu hadi chini. Palikuwa na kihisi kimoja. Akakiondoa kile kifurushi, akakirudisha kwa amri ileile. Mistari ikabaki miwili. Mwishowe akauchomoa waya wenyewe. Mstari wa juu ulitoweka. Wa chini ulikaa palepale, ukisoma joto la kitu kisichofungwa na waya wowote.

"Imeharibika," alisema, akatoka uani kunywa maji.

Bi Time alibaki. Aliona namba ya chini ikipanda kidogo binti yake aliposimama juani, na aliporudi kivulini ikashuka.

"Toka tena, mwanangu."

"Nitoke wapi?"

"Toka tu. Sasa njoo."

Shadya alikuja polepole, akashika kizingiti. "Mama," alinong'ona, "mbona unanitazama tumbo?"

Ilipofika alasiri namba ilikuwa thelathini na sita. Walikwenda hospitali, muuguzi akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema mzima, nendeni mkapumzike. Waliporudi ilikuwa thelathini na tano. Bi Time hakuhitaji kufafanuliwa. Kazi yake yote ilikuwa imemfundisha kwamba yai likipoa hufa bila kelele, na ganda lake hubaki zuri vilevile.

"Izime," alisema.

Shadya alichomoa umeme, na papo hapo akajikunja akipiga ukelele, akiwa amelikumbatia tumbo ambalo Bi Time alipoligusa alilikuta baridi kama mtungi, ikambidi mama arudishe umeme mbiombio. Na jua lilipotua, wakiwa wameketi wakishikana, mayai yalianza kulia ndani ya sanduku, siku zake hazijatimia, sauti nyembamba za vifaranga zikigonga na kuitana, na zilizolia kwa nguvu zaidi zilitoka katika trei ya pembeni, ambako Bi Time alikuwa ameyatenga mayai aliyoyamulika kwa tochi na kuyaona matupu.

Walimpigia simu Shekhe Sadalla wa kijiji cha Moa, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, naye akafika asubuhi. Alisimama nje ya chumba, akabisha hodi kwenye mlango ulio wazi, akangoja, ndipo akaingia.

"Shikamoo, Shekhe," Shadya alisema.

"Marahaba, binti. Mlipoingia humu," akaionyesha ile kompyuta kwa kidevu, "mlijibiwa nini?"

"Kwamba pana mwenyewe."

"Nanyi?"

Shadya aliinama. "Nilivunja."

"Sijui kama mwenyewe yumo katika kidude hiki, au alikuwa chumbani siku zote akingojea kosa. Kosa lenyewe ndilo ninalolijua. Mwenye mahali hafukuzwi. Ondoa ulichokitia, omba radhi, kisha ujenge chumba chako pembeni kama ulivyoelekezwa. Na nyote wawili nisikilizeni: ni radhi tu. Mtu asiahidi kitu. Hao husahau matusi, ahadi hawaisahau."

Akafukiza ubani, akaanza kusoma. Shadya aliomba radhi kwa sauti, akakiondoa kifurushi, akajenga chumba kipya ndani ya mashine, akaamuru kifurushi kishushwe upya humo. Na kifurushi kikaanza kujengwa, polepole, taa ya kijani ikipepesa, mayai yakilia, udi ukiushinda ubani, na namba ya chini, ambayo Bi Time hakuweza kuiondolea macho, ikawa thelathini na tatu, ikawa thelathini na mbili, huku Shekhe akipandisha sauti na jasho likimtiririka shingoni, mpaka Shadya akageuza uso uliopauka, akasema kwa pumzi tu:

"Mama, hachezi."

Waya wa kihisi, uliochomolewa jana, ulikuwa bado unaning'inia mezani. Bi Time aliunyakua ncha, akaufumbata kiganjani, akainamia mashine kama mtu amwambiaye mgonjwa siri, na midomo yake ikasema: kama ni joto unalolitaka, hili langu nalo ni joto, chukua, mtoto muache.

Kitu kilimshika kutoka upande wa pili wa waya.

Namba ilisimama. Ikapanda, thelathini na tano, na sita, na saba. Kisha mstari wa chini ukafutika. Mayai yakanyamaza yote kwa pamoja. Shadya alilia kwa sauti, akicheka, akilishika tumbo: "Anapiga teke! Mama, anapiga teke!"

Shekhe Sadalla alifunga msahafu. "Bi Time, ulisema nini pale?"

"Nilikuwa nasoma, Shekhe."

Shekhe aliondoka bila kunywa chai.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, wakamwita Hafidh. Alikuwa na afya njema na hakulia ovyo, isipokuwa alipopakatwa na bibi yake. Hapo alitetemeka kwa baridi mpaka Bi Time akajifunza kutia kanga mbili kati ya mikono yake na yule mtoto. Watu walisema ni uzee, damu hupungua.

Jioni moja ya kaskazi waliketi barazani, Asmahani akijipiga mapaja.

"Mbu wa Usagara hawana haya! Wewe wamekusamehe kwa lipi, shoga?"

"Damu yangu chungu," alisema Bi Time.

Asmahani alipoingia ndani kumfuata Shadya, Bi Time aliukunjua mkono wake mtupu karibu na taa, pembeni ya mtoto aliyelala. Mbu mmoja alishuka, akatua juu yake. Alitembea kwenye ngozi huku na huku, kama atafutaye mlango katika nyumba iliyohamwa. Kisha akaruka, akaenda kwa mtoto.